Mali Bila Daftari: Nani Anayahesabu Majengo Yetu ya Kale?



Juma hili tumeona vema tuzungumzie mawe, matofali na nyasi. Huenda wapo watakaouliza mambo hayo yanahusiana vipi na tafakari. Tunaomba wavumilie mpaka mwisho. Katika wilaya zetu mbili za Ngara na Biharamulo majengo ya kale yanatoweka pasipo kilio, kwa sababu rahisi kwamba hakuna aliyeyahesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuisikia madukani na katika vikao vya vyama vya akiba na mikopo. Leo tunataka isikike mbele ya halmashauri zetu, na isikike vilevile mbele ya kamati za ujenzi za parokia zetu.

Tuseme tangu mwanzo tunachokidai, ili asiwepo wa kutusingizia. Hatudai jumba la makumbusho. Hatudai kwamba kila ukuta wenye ufa usimame milele, wala kwamba waamini waendelee kubanana ndani ya kanisa lisilowatosha. Tunadai daftari: orodha ya majengo na mahali pa kale, wilaya kwa wilaya, kata kwa kata, iliyoandikwa vizuri na kuhifadhiwa mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Ni ombi dogo, na ndiyo maana tunashindwa kuelewa kwa nini limechelewa hivi.

Mgeni anayefika Biharamulo huonyeshwa Boma la Wajerumani. Ni haki aonyeshwe. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Biharamulo ilipokuwa kituo cha kijeshi cha utawala wa Kijerumani. Mwezi Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka upande wa Rwanda yaliutwaa mji huo, na baadaye nchi ikawekwa chini ya Waingereza. Boma limeziona bendera hizo zote, na tangu mwaka 1961 likaiona ya kwetu. Lina bahati pia, kwa kuwa lilikarabatiwa, likatumika kama nyumba ya wageni, na likaandikwa katika vitabu vya wasafiri.

Lakini bahati ya Boma imegeuka pazia. Kwa kuwa lipo na linajulikana, watu wengi hudhani suala la majengo ya kale katika pande hizi limekwisha. Halijakwisha, ndugu zetu. Boma ni jengo moja. Ni nani kati yetu amewahi kushika mkononi daftari la wilaya lenye majina ya makanisa ya kwanza ya misioni, nyumba za mapadri na masista, shule na zahanati za wakati wa Mwingereza, mabaraza ya machifu, na maduka ya zamani yenye baraza mbele? Ni nani amewahi kuona ramani inayoonyesha mahali zilipokuwa ikulu za watawala wa Bugufi, Bushubi na Rusubi? Mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka huo, mwenye kukumbuka baraza lilikaa wapi na mlango wake ulitazama upande gani, leo ni mzee aliyekwisha kupita miaka 70. Kila mazishi ya mzee wa namna hiyo yanaondoka na ukurasa ambao haujaandikwa.

Wapo watakaotuambia kwamba serikali ina sheria. Naam, inayo. Ni Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Lakini tuisome kwa makini. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililokuja baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana atakapolitangaza. Kwa miji ya mwambao mwaka 1863 una maana kubwa. Kilwa ina misikiti ya karne nyingi, na Bagamoyo ina magofu ya Kaole. Je, kwa Ngara na Biharamulo mwaka 1863 una maana gani? Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walitua Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892. Wajerumani nao walifika katika pande hizi katika miaka ya 1890. Kwa hiyo jengo lolote la mawe au la matofali ya kuchoma lililoko kwetu limejengwa baada ya mwaka ule. Kwa maneno mengine, sheria inayolinda majengo ya kale ya taifa hailindi moja kwa moja hata tofali moja la Ngara wala la Biharamulo.

Ajabu yenyewe haijaisha. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita katika nchi iliyoitwa Usui, ambayo ndiyo Rusubi, pande za Biharamulo. Alicheleweshwa huko na watu wa mtawala Suwarora waliomdai hongo kabla ya kumruhusu aendelee kuelekea Karagwe. Palikuwa basi na dola, palikuwa na mtawala, na palikuwa na makao ya mtawala, miaka miwili kabla ya 1863. Makao hayo yalitimiza sharti la sheria, lakini yalikuwa ya miti na nyasi, nayo yameoza. Kilichokuwa cha kale vya kutosha hakikudumu, na kilichodumu hakihesabiwi kuwa cha kale. Katikati ya mawili hayo wilaya zetu zimebaki mikono mitupu.

Ni kwa sababu hiyo tunasema daftari ndilo mlango. Waziri hawezi kutangaza jengo ambalo hajawahi kulisikia. Mwaka 2008 taifa lilipata Sera ya Malikale, yenye maneno mazuri kuhusu wajibu wa jamii katika kutunza urithi wake. Sera haitembei kwa miguu yake mpaka kata ya Keza au Kabanga. Anayepaswa kutembea ni mtu, mwenye kalamu, kamba ya kupimia na kamera.

Tukumbuke kwamba serikali iliwahi kuzihesabu nyumba za watu, tena kwa bidii. Amri ya kodi ya nyumba katika koloni la Wajerumani ilitolewa mwaka 1897, na kodi hiyo ilidumu kwa sura mbalimbali chini ya Waingereza. Karani alizunguka vijijini akihesabu paa kwa paa. Nyumba ya msonge ya babu zetu iliingia katika vitabu vya serikali kama kitu cha kutozwa. Haikuandikwa nguzo zake zilikuwa ngapi, fito zake zilifungwa kwa kamba ya mti gani, wala nyasi zake zilikatwa bonde lipi. Kama mkoloni aliweza kuhesabu ili achukue, sisi tunashindwaje kuhesabu ili tutunze?

Hapa tunakutana na wapinzani wetu, na ni haki tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza husema hivi: majengo hayo ni ya wakoloni, yamejengwa kwa jasho la kulazimishwa, yaanguke tu, tusahau. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, na hatuidharau. Lakini tuitazame vizuri. Ukoloni ulitoa amri, mikono ikawa ya watu wetu. Aliyebeba mawe, aliyefyatua matofali, aliyekata kuni za tanuru, aliyepanda juu ya paa, alikuwa babu yetu. Tukiuangusha ukuta kwa hasira dhidi ya aliyeamuru, tunamfuta pia yule aliyejenga, ambaye hakuandikwa popote isipokuwa katika ukuta wenyewe. Na kama Boma ni ushahidi wa mateso, tangu lini mwenye kuonewa akauharibu ushahidi wake kwa mkono wake?

Wenzetu waliwahi kuyapitia haya. Ireland ilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Kati ya mwaka 1919 na 1923, wakati wa vita vya kudai uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, nyumba nyingi za mabwana wenye ardhi zilichomwa moto. Hasira ile inaeleweka. Pamoja na hayo, leo sheria yao ya mipango inalazimisha kila kaunti kuwa na orodha ya majengo yanayolindwa, na mwenye jengo lililomo katika orodha anawajibika kisheria kulitunza lisiharibike. Humo mna makasri ya mabwana na makanisa. Mna nyumba za wakulima zilizoezekwa kwa majani, na mna majengo makubwa walimofungiwa maskini katika miaka ya njaa kuu ya 1840 na kitu. Watu walioteswa kiasi kile wameamua kuandika kila kitu, cha mtesaji na cha mteswa, ili watoto wao wasidanganywe. Tofauti ya kaunti yao na wilaya yetu isitafutwe katika utajiri peke yake. Wao wamekubaliana kwamba kuhesabu ni kazi ya halmashauri, na sisi bado hatujakubaliana.

Mpinzani wa pili husema: mnazungumza majengo, kwani sisi tulikuwa na majengo? Tulikuwa na vibanda vya nyasi. Hoja hii inatuumiza zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu inatoka midomoni mwa wasomi wetu. Msonge haukuwa kibanda. Ulikuwa na hesabu zake. Nguzo za ndani zilibeba paa lote, duara za fito zilishikilia nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na ndani palikuwa na mahali pa moto, mahali pa kulala, mahali pa mifugo na mahali pa mgeni. Paa lilishusha mvua haraka, na moshi ulipanda taratibu kupitia katika nyasi ukiwafukuza wadudu waharibifu. Fundi wake alijifunza kwa miaka. Nyumba hizo zilipungua kwa sababu nyingi. Bati lilikuja na kuwa alama ya maendeleo, nyasi nzuri zikaadimika, na Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi na kuyaacha makazi ya kale ya koo mahame.

Hatuwaambii wananchi warudi kwenye nyasi. Anayelala chini ya bati lisilovuja ana haki ya kumshukuru Mungu. Lakini tutazame majirani. Ng'ambo ya Rusumo, katika miaka ya 2010 na 2011, serikali ya Rwanda ilifanya kampeni kali ya kuondoa nyumba za nyasi nchi nzima. Nchi hiyohiyo, pale Nyanza, imeijenga upya ikulu ya nyasi ya wafalme wake, na watoto wa shule na wageni huingia kuitazama. Wameondoa umaskini wa nyasi bila kutupa elimu ya nyasi. Kule Kampala, nyumba kuu ya Kasubi ilijengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Kabaka Mutesa I, ikawa kaburi lake mwaka 1884, na mwaka 2001 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Imejengwa upya, na mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa sababu picha na vipimo vilikuwepo, na kwa sababu ukoo wa Ngeye, ambao kuezeka ni kazi yao ya jadi, bado ulikuwa na watu wenye ujuzi huo. Leo msonge wa mwisho wa Kihangaza au wa Kishubi ukiungua, nani ataujenga upya, na kwa vipimo vipi?

Mpinzani wa tatu ni mweka hazina. Yeye husema: fedha hakuna, zahanati kwanza, madawati kwanza, barabara kwanza. Tunakubaliana naye kuhusu zahanati na madawati. Hatukubaliani naye kwamba daftari linashindana navyo. Orodha tunayoidai inahitaji madaftari machache, simu yenye kamera, ambayo leo iko mfukoni mwa kila kijana, na siku kadhaa za walimu wa historia pamoja na wanafunzi wao. Tena mweka hazina afikirie faida. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wageni wa hifadhi hiyo watalala wapi, na wakimaliza kutazama wanyama wataonyeshwa nini? Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga mchana na usiku, na abiria wa mabasi hushuka, hula, huondoka, bila kujua kwamba wamepita katika nchi yenye historia. Halmashauri isiyojua ina nini haiwezi kukitangaza, wala haiwezi kukiombea fedha kwa mfadhili yeyote.

Mpinzani wa nne yumo ndani ya nyumba yetu wenyewe, na hatutamficha. Ni ile kamati ya ujenzi ambayo, ikipata ahadi ya saruji na nondo, wazo lake la kwanza ni kulibomoa kanisa la zamani ili jipya likae palepale. Mara nyingi parokia ina ekari za kutosha. Mara nyingi kanisa la zamani lingeweza kuwa ukumbi, maktaba, chumba cha katekesi au kikanisa cha kuabudu Ekaristi. Lakini hakuna aliyeuliza, na matofali yaliyochomwa na mababu kwa miezi mingi yanageuka kifusi cha kujazia barabara kwa siku mbili. Tukiuliza ni nani aliyeamua, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole.

Ndugu zetu wa kamati, Kanisa halijawaachia jambo hili kama hiari. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1283, inawataka wasimamizi wa mali waandike orodha kamili na iliyo wazi ya mali zisizohamishika, pamoja na vitu vya thamani na vya urithi wa utamaduni, na nakala moja ikae katika hifadhi ya ofisi yao, nyingine katika hifadhi ya jimbo. Tarehe 8 Desemba 1999 Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa iliwaandikia maaskofu wa dunia yote kuhusu jambo hilihili, ikilieleza kuwa kazi ya lazima na ya haraka. Robo karne imepita. Kila parokia iliyo kongwe, kuanzia zile za Rulenge na Katoke, ijiulize: nakala yetu iko wapi?

Tena hata pale ambapo hatubomoi, tunaharibu kwa nia njema. Kuta nyingi za misioni zilijengwa kwa matofali ya kuchoma na udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia na mvua hutoka tena kupitia katika chokaa. Akija fundi wa leo akaupaka saruji ili ung'ae, unyevu hufungiwa ndani, tofali hulainika, plasta hubanduka vipande vipande, na baada ya miaka michache watu husema jengo limezeeka, libomolewe. Jengo halikuzeeka, limezibwa pumzi. Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko ugonjwa. Paa lizibwe linapovuja, maji ya mvua yaongozwe mbali na msingi, miti inayoota ukutani ing'olewe ikiwa michanga, mchwa wachunguzwe kila masika, na ukuta wa chokaa upakwe chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tunaijua methali hiyo kwa moyo kuliko tunavyoitenda.

Wapo watakaosema kwamba daftari halizuii ukuta kuanguka. Ni kweli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit-al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu, ingawa jumba hilo limo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lakini kwa kuwa jumba lile limechorwa na kupigwa picha mara nyingi, wanaotaka kulisimamisha tena wanajua walisimamishe vipi. Katika mkoa wetu wa Kagera, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa maelfu ya nyumba, na kuiharibu Shule ya Sekondari ya Ihungo, iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki, kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya. Safari ile Ngara na Biharamulo hatukuwa katikati ya pigo. Hakuna aliyetuahidi kwamba safari nyingine itakuwa hivyo. Jengo lililoandikwa likianguka, tunabaki na habari zake. Lisiloandikwa likianguka, tunabaki na kiwanja.

Wala tusidhani kwamba ya kuandikwa ni mawe yenye miaka 100 peke yake. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na mji wa mahema ukaota Benaco ndani ya siku chache. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi hao walirudishwa. Mji mkubwa kuliko wote ambao Ngara imewahi kuuona ulitandazwa na kukunjwa ndani ya miaka mitatu, na daraja jipya la Rusumo lililozinduliwa mwaka 2016 limebadili hata sura ya mahali pale pa kuvukia. Mahali hapo paandikwe. Kiandikwe pia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, ambako Askofu Christopher Mwoleka, aliyekuwa askofu wa Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alichagua kuishi pamoja na wanakijiji. Nyumba zake hazikuwa za fahari, lakini ni nadra askofu kuamua kwamba jengo linalomfaa ni lile la jirani yake. Mjukuu akiuliza aliishi wapi, tumwonyeshe kitu.

Katika Maandiko Matakatifu tunamsoma Nehemia, aliyekuta kuta za Yerusalemu zimebomoka na malango yameteketea. Hakuanza kwa kuchangisha, wala kwa kuhutubia. Kwanza alitoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta, akatazama palipovunjika. Ndipo akazungumza na wakuu. Na kitabu chake kina sura nzima ambayo wasomaji wengi huiruka, kwa kuwa ni majina matupu: nani alitengeneza lango lipi, nani alijenga sehemu iliyoelekea nyumba yake, mfua dhahabu yupi, mfanyabiashara yupi, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuweka daftari la mafundi ndani ya Biblia. Sisi tunaona aibu gani kuweka la mafundi wetu ndani ya kabati la ofisi ya kata?

Tunahitimisha kwa madai yetu, tukiyataja moja moja ili yajibiwe moja moja.

Kwanza, Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo ziandae daftari la majengo na mahali pa kale katika kila kata. Kila ingizo liwe na jina la mahali, mwaka wa kujengwa pale unapojulikana, aliyeamuru na waliojenga, vifaa vilivyotumika, vipimo vya urefu na upana, picha za pande zote nne, hali ya paa na kuta, na jina la taasisi au ukoo unaomiliki. Maneno ya wazee yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, kisha kwa Kiswahili.

Pili, nakala zipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na maombi kwamba majengo yanayostahili yatangazwe. Waziri akikataa, akatae akiwa ameona.

Tatu, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Itungwe moja inayosema kwamba jengo lililomo katika daftari halibomolewi kabla ya kupimwa, kupigwa picha na kujadiliwa katika kikao kilicho wazi. Hatusemi lisibomolewe kamwe. Tunasema lisibomolewe kimyakimya.

Nne, kila parokia, na kila usharika wa madhehebu mengine yaliyojenga katika pande hizi, ianze na uwanja wake. Halmashauri ya walei haihitaji barua kutoka wilayani ili kupima kanisa lake yenyewe. Kamba na daftari vinatosha kwa Jumamosi moja.

Wazee wetu walifyatua matofali wakiwa na njaa, wakayachoma, wakayabeba kichwani, wakaacha kuta ambazo wengi wetu tulibatizwa ndani yake. Hawakutuachia fedha. Walituachia hizo. Tukizipoteza kwa vita au kwa tetemeko, tutasamehewa. Tukizipoteza kwa kukosa kalamu, wajukuu hawatatuelewa.